Kijana wako Marekani ana kesi ya madawa? Hela ya chuo bado anaweza kupata

Jamani wana Tanga mnaolea watoto kwa simu, huku Ngamiani na Makorora bado watu wanaambiana eti kijana akishahukumiwa kwa bangi kule Marekani basi serikali yao haimpi tena hela ya kusoma. Zamani ilikuwa hivyo kweli, sheria ya 1998 ndo iliwafungia, ila mwishoni mwa 2020 ikapita sheria mpya na kuanzia mwaka wa masomo 2023–24 hata lile swali la madawa wamelitoa kwenye fomu ya kuomba hela hiyo. Kwa hiyo ajaze, tena ajaze mapema.

Fomu inaitwa FAFSA, iko studentaid.gov, ni bure, mtu akimdai dola ili amjazie aachane nae. Awe raia au ana grinikadi (kibali cha kuishi kule moja kwa moja), mkimbizi aliyepokelewa rasmi pia anaruhusiwa, ila aliyeenda na viza ya mwanafunzi hapati hata kama hajawahi kukanyaga polisi.

Sasa hapa ndo wengi wanakwama. Kama hajafika miaka 24 na hajaoa wala hajaolewa, mara nyingi fomu inataka taarifa za wazazi, na mzazi ni nyie mlioko Tanga, siyo shangazi anaekaa nae, hata kama shangazi ndo anamlisha na kumvisha, labda awe amemuasili kisheria. Msiogope, mzazi asiye na namba ya Social Security, ile namba ya utambulisho ya Marekani, anafungua akaunti yake hivyo hivyo, kipato cha duka au shamba mnakigeuza kuwa dola mnaandika ukweli. Pell Grant, msaada wa serikali yao kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ya 2025–26 inafika dola 7,395 na hairudishwi, mnaiachaje?

Halafu asome hukumu yake vizuri mana jaji anaweza kuwa alimnyima misaada ya serikali kwa muda fulani, hiyo bado inashika. Na kama kosa lilikuwa kubwa, wanaloita felony, ule unafuu wa kodi wa American Opportunity hapewi, ila ule mwingine wa kodi, Lifetime Learning, haumzuii.

Kubwa kuliko yote, mwenye grinikadi kesi ya madawa inaweza kumfukuzisha nchini hata kama ilishaisha na faini kalipa, so msimbembeleze aje harusini Tanga kabla hajaongea na wakili wa uhamiaji, anaweza kuzuiwa akirudi, na hiyo fomu ya chuo haimlindi kwa hilo.