Kunasa usubi wa vichuguuni kwa karatasi za mafuta

Usubi anayeeneza kalaazari, ugonjwa wa vimelea unaoshambulia wengu na ini, huko Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Kitui nchini Kenya, hazaliani kwenye maji. Huyu, Phlebotomus martini, hushinda mchana kutwa katika mashimo ya hewa ya vichuguu vya mchwa, ambamo mna giza na unyevu hata nchi ikiwa imekauka, na hutoka giza likiingia. Ukitaka kujua kama yupo, anzia kwenye kichuguu, si nyumbani.

Vifaa: karatasi nyeupe za A4, mafuta ya nyonyo, brashi bapa, vijiti, brashi nyembamba ya kuchorea, ethanoli ya asilimia 95 na ya 70, vichupa, penseli.

1. Chagua kichuguu chenye matundu yaliyo wazi, hasa kilicho karibu na boma au mahali watu wanapobarizi jioni. Chokoa kila tundu kwa kijiti kirefu. Usitie mkono, nyoka nao huyapenda.

2. Paka mafuta pande zote mbili, kisha tundika karatasi mpaka ziache kudondosha. Mafuta yakizidi, wadudu huteleza na kuanguka, yakipungua, hujinasua. Mafuta ya kupikia hayafai: ya nyonyo ni mazito, hayakauki usiku, na huyeyuka kwenye ethanoli, kwa hiyo mdudu husafishika baadaye.

3. Tega saa 11 jioni. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu, ujipake dawa ya kufukuza wadudu, maana saa ya kutega ndiyo saa ya kuumwa. Kwenye tundu pana, kunja karatasi kama bomba uitumbukize mdomoni. Kwenye tundu dogo, isimamishe kwa kijiti mbele ya mdomo. Usizibe: usubi lazima apate pa kupita ndipo aguse mafuta. Andika kwa penseli namba ya kichuguu, ya tundu na tarehe, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli.

4. Tegua saa 12 asubuhi, usingoje jua. Sisimizi wakitangulia utakuta mabawa matupu. Upepo ukivuma usiku, karatasi hujaa vumbi na usubi, ambaye ni mrukaji dhaifu, huenda asitoke kabisa. Usiku wa namna hiyo usihesabiwe. Mbuzi nao hukanyaga na kutafuna karatasi, basi weka matawi ya miiba kuzunguka kichuguu.

5. Tafuta mdudu wa milimita 2 hadi 3, mwenye manyoya. Akiwa hai husimamisha mabawa kama herufi V, lakini kwenye mafuta hulala ovyo. Lowesha brashi nyembamba kwa ethanoli ya 95, mnyanyue kwa kifua, msuuze humo humo, kisha mhifadhi kwenye ya 70. Ukimvuta kwa bawa, kichwa hubaki kwenye karatasi, na bila kichwa hutambui kitu.

6. Kata kichwa na pingili za mwisho za tumbo, uviweke kwenye kioo cha hadubini kwa gundi ya klorali, kichwa kikiwa chali. Wengi utakaowapata watakuwa Sergentomyia, jenasi nyingine ya usubi, wenye safu ya meno ndani ya kinywa. Phlebotomus hawana safu hiyo. Usitegemee manyoya ya mgongoni, mafuta yameshayalaza.

Spishi tambua kwa dume, kwa viungo vyake vya uzazi. Jike wa P. martini karibu hatofautiani na wa spishi jamaa zake, P. celiae na P. vansomerenae, hivyo ukipata majike pekee andika "kundi la martini" na si zaidi.

Karatasi haimvuti mdudu, humnasa apitaye tu, kwa hiyo toa hesabu kwa karatasi moja kwa usiku mmoja. Kwa kutafuta vimelea tumboni utahitaji majike hai: tumia mtego wa taa wa volti 6, na mfuko wake uwe wa kitambaa chenye matundu madogo sana. Chandarua cha kawaida cha mbu hakimzuii usubi.