Funga na bakapu ya WhatsApp, sio chati tu

Watu wengi wanajua meseji za WhatsApp zinasafiri zimefungwa asisome mtu mwingine, sawa, ila bakapu, yaani nakala ya chati zako inayopanda mtandaoni Google Drive au iCloud, haifungwi hivyo mpaka uwashe mwenyewe, na setingi ipo tangu 2021. Kwangu hiyo ilitakiwa iwe imewashwa tangu mwanzo kabisa.

Ingia setingi, chati, bakapu ya chati, shuka chini utaona ya kufunga bakapu, washa. Unaweza kuchagua, kwa mfano, paswedi au funguo ya tarakimu 64. Mi nasema chukua paswedi ndefu, iandike kwenye karatasi uiweke mbali na simu, maana simu ikipotea na paswedi umesahau hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia, chati ndo zimeenda.

Na unayechati naye mwambie awashe pia, nakala yake ina maneno yako.