Kuchagua mbwa chotara mdogo ukiwa na mzio
Ukiwa na mzio wa wanyama na unatamani mbwa chotara mdogo kama Maltipoo, mchanganyiko wa Maltese na Poodle, usitegemee ahadi ya muuzaji kwamba manyoya yake hayapukutiki, kwani kinachochochea mzio ni protini zilizomo katika mate, mba na mkojo, na hakuna mbwa asiyekuwa nazo. Omba ukae na mbwa yuleyule utakayemchukua, zaidi ya mara moja, kabla ya kulipa. Mwenye pumu apate kwanza ushauri wa daktari. Ningependa sana upime pia damu yako kuona kama una mzio wa protini iitwayo Can f 5, ambayo hutengenezwa na tezi dume ya mbwa dume, kwa kuwa mwenye mzio wa hiyo pekee huweza kumvumilia mbwa jike.