Somo: Kumzoesha farasi kuvaa hatamu bila kupigana naye

Hatamu ninayoizungumzia ni ile ya kichwani isiyo na chuma cha mdomoni. Yenye chuma ni lijamu, na hiyo ina somo lake. Wengi wetu neno hili tulilisikia kwenye hotuba za siasa kabla hatujalishika mkononi. Huku bandani anayekimbilia kushika hatamu ndiye hula teke.

Mfano wangu ni farasi jike wa miaka mitatu niliyeletewa hapa Karen, Nairobi, kutoka shamba moja la Laikipia. Amekulia malishoni, hajawahi kuguswa kichwa. Watu wanne walimshusha kwenye lori kwa kamba na makelele, na kufikia jioni alikuwa ameshajua kwamba mtu mwenye kamba ni wa kukimbiwa. Kwa hiyo nilianzia nyuma ya sifuri.

1. Mahali na vifaa

Tafuta boma dogo, kama hatua 15 kutoka upande hadi upande. Uwanja mkubwa utakuchosha kwa kumfukuza, na chumba chembamba atakubana ukutani. Vaa kofia ngumu, buti na glavu. Kamba usiizungushe mkononi hata mara moja. Ikunje ushike mikunjo katikati, ili akichomoka ikutoke.

Hatamu iwe ya ngozi au pamba, yenye bizimu linalofunguka mpaka juu, ili usilazimike kumpitishia masikio kwa nguvu.

2. Mkono kwanza

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Ukimjia kwa mbele kabisa, mkono wako unapotea machoni pake unapokaribia paji la uso, halafu unaibuka ghafla ukiwa umemgusa. Mjie kwa bega la kushoto, polepole, ukiongea chochote. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo, maana hapo ndipo wao kwa wao hukunana kwa meno. Kutoka hapo panda na shingo, kidogo kidogo, kuelekea masikio.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi hukosea. Farasi hajifunzi unapomgusa, hujifunza unapoacha. Ukiondoa mkono wakati anarusha kichwa, umemfundisha kurusha kichwa. Mkono ubaki palepale, mwepesi, umfuate anavyoyumba, na uuondoe sekunde ile anapotulia. Ukiona amekaza misuli na kukodoa macho, umeshavuka mpaka wake: rudi begani, anza tena. Huyu jike siku mbili za kwanza hatukupita katikati ya shingo. Mwenye farasi akaniuliza kama nalipwa kwa kukuna.

3. Kamba shingoni

Chukua kamba nene laini, imguse bega, imlalie mgongoni, kisha shingoni. Usiifunge. Ikishakuwa si habari tena, mvute kidogo sana upande mmoja na ulegeze mara tu anapogeuza hata pua. Akikubali hili, hatamu haitakuwa na la ajabu.

4. Hatamu

Mwache ainuse. Msugue nayo shingo na shavu ikiwa imekunjwa. Lichezeshe bizimu karibu na sikio lake ili azoee ule mlio; nimeona farasi watulivu kabisa wakiruka kwa sababu ya kale kachuma tu.

Simama kushoto kwake, wote mnatazama mbele. Mkono wa kulia upite juu ya shingo, wa kushoto ushike hatamu ikiwa wazi chini ya pua. Usiipandishe. Ishike palepale, na subiri. Siku ya tano jike wangu alishusha kichwa, akapumua kwa nguvu ndani ya ukanda, akatoa pua. Nikaondoka nikamwacha. Niliporudi aliingiza pua mwenyewe mpaka karibu na macho. Sikufunga siku hiyo. Nilifunga siku ya sita, dakika moja tu.

Rudia yote kwa upande wa kulia pia. Anachokizoea upande mmoja, upande wa pili anaweza kukistukia upya.

5. Ikae wapi

Ukanda wa pua ukae vidole viwili chini ya ule mfupa unaotokeza shavuni. Ukishuka sana unalalia mfupa mwembamba wa pua na kubana pumzi. Kati ya ukanda na pua vipite vidole viwili. Ikilegea zaidi ya hapo, kwato ya nyuma inaweza kunasa siku anapojikuna sikio.

6. Kuvua

Fungua bizimu, lakini usiiachie hatamu ianguke. Ishike mpaka ashushe kichwa, ndipo uitelezeshe chini taratibu. Ukimzoesha kuchomoka, ipo siku atageuka na kukupiga teke akikimbilia malisho.

Kumfunga mtini ni baadaye, akishajua kulegea anapovutwa. Na hata hapo, funga kwenye kitanzi cha uzi wa katani kilichofungwa kwenye pete ya chuma ya ukutani, si kwenye pete yenyewe. Akishtuka, uzi ukatike badala ya shingo kuumia.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Muscat: Msimamizi wetu anataka farasi wachanga wabaki na hatamu mchana na usiku ili iwe rahisi kuwakamata. Ni sawa?*

Hapana, ndugu yangu, nami nina kovu la jambo hilo. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwacha mmoja na hatamu ya nailoni usiku kucha, ili asubuhi nisihangaike. Alijikuna mlangoni, ukanda ukanasa kwenye komeo. Nailoni haikatiki. Nilimkuta ameloa jasho, nyuma ya masikio kumechubuka mpaka nyama. Ilinichukua miezi miwili kuruhusiwa kupagusa tena. Isitoshe, mtoto wa farasi hukua haraka, hatamu ya leo inamkata baada ya wiki chache. Msimamizi aking'ang'ania, mwombe angalau ziwe za ngozi nyembamba juu ya kichwa, zinazokatika.

*Mwanachama wa Lamu: Haya yanafaa kwa punda?*

Yanafaa, shekhe, ila punda ana hila yake. Farasi akiogopa hukimbia. Punda mara nyingi huganda. Kwa hiyo akisimama kimya usiseme amekubali. Mtazame masikio na pua, mpe muda mrefu zaidi. Na zile kamba za nailoni za kumfungia puani ziacheni, zinamtia vidonda. Ukanda mpana wa kitambaa ulioshonwa mara mbili ni bora.

*Mwanachama wa Naivasha: Wangu alikuwa anavaa vizuri, mwezi huu hataki kabisa kuguswa sikio la kulia. Nimpe karoti?*

Karoti iweke kando kwanza. Mwite daktari wa mifugo amwangalie ndani ya sikio. Huku kwetu mara nyingi ni kupe. Hata meno huweza kuleta hayo. Maumivu yakiisha, rudi hatua ya pili kwa siku chache, anza na upande wa kushoto.

*Mwanachama wa Arusha: Hatamu za kamba zenye mafundo je?*

Zinabana kwa ukali, na anayezitumia awe anajua kulegeza kwa wakati. Kwa anayeanza, sikushauri. Na kamwe usimfunge nayo mtini, wala usimpakie nayo kwenye lori.

*Huyohuyo: Na yule jike wa Laikipia sasa yukoje?*

Anavaa. Ila ukija na kofia ya rangi ya chungwa kama ya wale watu wa lori, jiandae kusubiri.