Kwenda Kitulo kwa kikundi wakati wa maua: mwongozo kwa wanaotoka Unguja

Hatua ya kwanza: wakati. Maua ya Kitulo, uwanda wa juu kusini mwa Tanzania bara, huchanua katika mvua za huko, Desemba hadi Aprili. Sehemu kubwa ya miezi hiyo kwetu ni kaskazi na joto lake, kwa hiyo wenzangu wa safari ya kwanza walifungasha kanga na raba za kitambaa. Uwanda uko kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari. Chukueni sweta, koti la mvua na viatu vinavyoshika tope. Mwavuli uacheni nyumbani, upepo wa kule hauustahi.

Hatua ya pili: njia. Boti hadi Dar es Salaam, basi la Mbeya, mkashuke Chimala. Hapo gari hupanda Matamba kwa kona 57, na barabara yenyewe huitwa Hamsini na Saba. Laleni Matamba, miili izoee hewa nyepesi.

Hatua ya tatu: mwendo. Hapa ndipo tulipopoteza saa tatu. Vijana wanne walitangulia, ukungu ukashuka, na sisi tuliobaki tukawa tunaita huku sauti zikipotea nyasini. Tangu siku hiyo, anayekwenda polepole kuliko wote tunamweka nyuma ya muongozaji, na hakuna ruhusa ya kumpita, hata akisimama kufunga kamba za viatu. Wa mwisho huwa mmoja tu siku nzima, naye huvaa filimbi shingoni. Simu si badala ya filimbi. Mmoja akisimama kupiga picha ua, wote husimama, maana maua ndiyo yanayokata msururu kuliko miinuko. Penye njia panda kila mtu hutaja namba yake mwenyewe. Kuhesabu kwa macho kulitudanganya, kwani ndani ya ukungu makoti yote ni rangi moja. Ukungu ukizidi, kaeni mlipo. Radi ikinguruma, hilo ni jambo jingine: shukeni mgongoni mwa mlima mara moja, kwa kuwa kwenye nyasi tupu mtu ndiye mrefu kuliko vyote. Ili kuziwahi radi za mchana, tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kugeuza saa sita, hata kilele kikiwa karibu.

Hatua ya nne: maua. Piteni katika njia iliyokwisha kukanyagwa, na msing'oe okidi. Viazi vyake huchimbwa kupikiwa chakula kiitwacho chikanda nchini Zambia, na uchimbaji huo ulikuwa miongoni mwa sababu za Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.