Namna ya Kutumia Fonti Nene Iliyobanwa

Fonti ya aina hii, yenye mistari minene, mbavu zilizobanwa na ncha zisizo na vijimkia, hutengenezwa ili maneno makubwa yaenee mahali penye upana mdogo. Alternate Gothic, fonti mojawapo ya aina hii aliyoisanifu Morris Fuller Benton wa Marekani, ni ya mwaka 1903. Impact ya Geoffrey Lee, ambayo wengi wameizoea kwenye kompyuta, ilitolewa mwaka 1965 na kampuni ya Stephenson Blake ya Sheffield, Uingereza.

Kabla ya kuchagua fonti, itazame kwa karibu herufi ndogo ya e. Ndani ya kimo kile kifupi inapaswa kubeba mistari mitatu ya kulala, na weupe uliomo kati yake ndio unaomwezesha msomaji kuitofautisha na c au o. Kwa hiyo msanifu makini huipunguza unene mistari inayolala, huiacha minene ile iliyosimama, na hurefusha kimo cha herufi ndogo zote ili weupe huo upate pa kukaa. Chapisha neno moja kwa ukubwa utakaoutumia, kisha lisome ukiwa umbali ule ule atakaokuwa msomaji wako. Tundu la e likiziba, tafuta fonti nyingine.

Usichukue fonti ya kawaida ukaiminya kwa kipanya. Ukifanya hivyo, mistari iliyosimama hukonda ilhali inayolala hubaki na unene wake, na herufi nzima hupoteza uwiano aliouhangaikia msanifu. Vivyo hivyo, usitumie amri ya kukoza (bold) juu ya fonti ambayo tayari ni nene, kwa sababu wino unaoongezeka huziba matundu.

Nafasi kati ya herufi na herufi ikaribiane na weupe uliomo ndani ya herufi zenyewe, hadi neno lionekane kama ukuta wenye nyufa zilizo sawa. Nafasi ya jozi kama LT na AV hurekebishwa kwa mkono. Kichwa cha habari kikiandikwa chote kwa herufi kubwa, mistari yake ya maneno inaweza kukaribiana sana. Kikiwa na herufi ndogo, mikia ya g na p itagonga vichwa vya herufi za mstari wa chini usipoongeza nafasi. Maneno marefu kama “wanaojiandikisha” hunufaika zaidi na fonti hii, maana huingia katika mstari mmoja bila kukatwa.

Itumie kwenye mabango, majalada na vichwa vya habari vya maneno machache, nayo aya zinazofuata uziandike kwa fonti nyepesi yenye upana wa kawaida. Ukiiweka juu ya picha kwa rangi nyeupe na kuizungushia ukingo mweusi, hakikisha ukingo huo unakua kwa nje tu, kwani ukiingia ndani utaula unene wa herufi.