Mwenyeji Kwanza, Mgeni Baadaye: Namna ya Kutafuta Kuvu Wanaoishi Juu ya Kuvumwani, Mikokoni Lamu

Ukipita vichochoro vya Mkomani na kuinua macho juu ya kuta za matumbawe, utaona viraka vya kijivu, vyeusi na vya rangi ya chungwa. Wengi husema ni ukungu, au chokaa imezeeka. Viraka vingi kati ya hivyo ni kuvumwani: kuvu na mwani walioungana wakawa kitu kimoja. Kuvu hujenga nyumba, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Mtaalamu wa mimea Mswisi, Simon Schwendener, ndiye aliyeeleza muungano huo miaka ya 1860, na wataalamu wenzake wengi walimpinga vikali.

Mwongozo huu unahusu kitu kidogo zaidi: kuvu wengine wanaokuja kuishi juu ya kuvumwani, kama kupe juu ya ng'ombe au kama mpangaji asiyelipa kodi. Orodha ya dunia iliyochapishwa mwaka 2018 ilihesabu spishi 2,000 ambazo haziishi popote ila humo. Waliozitafuta kwa bidii wako Ulaya na Marekani zaidi. Pwani yetu imepitiwa juu juu tu, na ndiyo sababu mwalimu wa bayolojia kama mimi, mwenye lenzi na Jumamosi moja, anaweza kufanya kazi yenye maana.

Hatua ya 1: Vifaa

Lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Chupa ya kupulizia maji. Kisu kidogo, penseli, bahasha za kaki, simu yenye kamera nzuri. Ongeza tochi ya zambarau wanayotumia wenye maduka kukagua noti bandia, na jiki kidogo, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, ndani ya kichupa cha dawa ya macho kilichooshwa. Andika JIKI kwa herufi kubwa juu yake. Nyumbani kuna watoto, na kuna watu wazima wenye macho yanayowasha.

Hatua ya 2: Soma maji, kisha omba ruhusa

Mikoko haiendeki bila kujua maji. Kwa mtaboti kuelekea Takwa, kisiwani Manda, unahitaji maji yaliyojaa ili upite kwenye mkono wa bahari. Kwa kutembea kati ya miti unataka yaliyokupwa. Muulize nahodha, usitegemee simu.

Kutazama na kupiga picha hakumdhuru mtu. Kubandua ni jambo jingine. Magofu ya Takwa na majengo ya kale yanalindwa kisheria: usikwangue ukuta hata kidogo, hata kama kiraka ni kizuri kiasi gani. Mikoko nayo ni msitu wa serikali, hivyo pita kwa watu wa misitu kwanza. Na ukitaka kazi yako iitwe utafiti, kibali hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Mimi huanza na matawi yaliyokwisha kuanguka na minazi ya shamba la mjomba. Huko ruhusa hupatikana kwa kikombe cha kahawa.

Hatua ya 3: Mjue mwenyeji

Hapa usiharakishe. Wanafunzi wangu wakiona doti nyeusi huruka moja kwa moja: "Mwalimu, nimempata!" Humjui mgeni kama humjui mwenye nyumba. Kuvu hawa wengi huchagua sana, mmoja anaishi juu ya jenasi moja tu (kundi la spishi za karibu), na jina la mwenyeji ni nusu ya jina la mgeni. Kwa hiyo anza na kuvumwani tatu ambazo huku pwani ni rahisi kujifunza.

Ya kwanza ni *Roccella montagnei*. Inaning'inia kwenye matawi kama kanda za kijivu zilizochanika, hasa panapopiga upepo wa bahari. Wazee waliita malele. Katika karne ya 19 yalikusanywa pwani hii kwa magunia na kupelekwa Ulaya kutengeneza rangi ya zambarau, kwa kuyavundika na amonia, ambayo zamani ilitokana na mkojo uliochacha. Biashara ilififia rangi za viwandani zilipoenea baada ya 1856. Karatasi ya litmasi tunayotumia maabara nayo asili yake ni ukoo huu huu, na bado sijapata mwanafunzi aliyeniamini mara ya kwanza. Kata kipande kidogo sana, kiweke juu ya karatasi nyeupe, dondosha jiki. Ngozi yake huwa nyekundu papo hapo, kisha rangi hupotea. Usidondoshe juu ya kile kilichobaki mtini, jiki inaua.

Ya pili, *Pyxine cocoes*, ambayo hata jina lake limetoka kwenye mnazi. Ni kiraka bapa cha kijivu kilichobana gome, chenye ncha za mviringo. Nenda usiku, umulike kwa tochi ya noti bandia: inawaka manjano kama taa ya bandarini. Jirani yake *Dirinaria picta*, ambayo mchana zinafanana kama pacha, haiwaki manjano hayo.

Ya tatu si moja bali ukoo mzima, kuvumwani za maandishi. Kwenye gome laini utaona mistari myeusi iliyojipinda, na ukiwa umekulia chuo cha Kurani utadhani kuna mtu kajaribu kalamu yake hapo. Kwaruza kidogo kwa ukucha. Wengi wa ukoo huu wamefuga mwani wa jenasi ya *Trentepohlia*, ambao ni wa kijani kwa ukoo lakini umejaa rangi ya karoti, kwa hiyo mkwaruzo hutoa rangi ya chungwa.

Hatua ya 4: Sasa mtafute mgeni

Nenda asubuhi mapema, jua likiwa chini, mwanga ukija kwa ubavu. Tazama kwanza kavu. Kisha pulizia maji, ungoje dakika moja, utazame tena: mwenyeji ataamka na rangi yake kukolea, na pale asipoamka ndipo pa kutilia shaka.

Unachotafuta ni kasoro. Kiraka kilichopauka katikati ya kilicho hai. Uvimbe mahali ambapo wenzake ni bapa. Vidoti vyeusi vilivyosongamana upande mmoja, kama upele. Utando mwembamba wa rangi isiyo ya mwenyeji.

Halafu jihoji, kwa sababu vidanganyifu ni vingi. Visahani vyeusi vya *Pyxine* ni matunda yake mwenyewe. Masizi ya jiko la kuni huganda kama vidoti. Konokono wa mikokoni hula na kuacha makovu meupe. Kanuni yangu: nikiona dalili ileile kwa wenyeji watatu wa spishi moja, miti tofauti, naandika. Nikiiona mara moja, napiga picha na kuendelea na safari.

Msisitizo huu una sababu. Mwaka 2016 mtafiti Toby Spribille na wenzake walichunguza kuvumwani mbili za jenasi ya *Bryoria* huko Marekani, moja ya kahawia, nyingine ya manjano yenye sumu. Kuvu yao ilikuwa moja, mwani wao mmoja. Kilichotofautiana ni wingi wa kuvu wa tatu, wa aina ya hamira, aliyejificha ndani ya ngozi. Watu wakadhani basi kila kuvumwani ina hamira yake. Mwaka 2019 timu nyingine ikapima spishi 339 na kukuta hamira hao kwa wachache tu. Kisha 2024 zikaja takwimu za jeni kutoka sampuli zaidi ya 400, zikaonyesha kwamba koo nne tu za bakteria zinajitokeza mara nyingi sawa na koo nyingine 71 zote kwa pamoja. Nyumba tuliyodhani ni ya watu wawili ina wapangaji wengi, na kazi ngumu ni kusema nani ni wa familia na nani amepita tu. Lenzi yako haitaliamua hilo. Inaweza kuonyesha mahali pa kuchunguza.

Hatua ya 5: Kuhifadhi

Bahasha ya kaki, kivulini, penye upepo. Usitie kwenye plastiki. Mwaka wa kwanza nilitia malele kwenye mfuko uliofungwa, nikayasahau siku nne wakati wa kaskazi, na nilipofungua nikakuta utando mweupe wa kupendeza. Nikapiga picha 60. Nikamwandikia mtaalamu. Akanijibu kwa adabu kubwa kwamba ule ni ukungu wa mkate.

Hatua ya 6: Hadubini, kama unayo

Hadubini ya shule inayokuza mara 400 inatosha. Kwa wembe mpya kata utepe mwembamba kupitia doti, weka tone la maji, funika, bonyeza kidogo. Tafuta spora, yaani chembe ambazo kuvu huzaliana nazo. Za *Roccella* hazina rangi na zina vyumba vinne. Basi ukikuta spora za kahawia zenye vyumba viwili ndani ya doti juu ya malele, moyo na uende mbio: hizo si zake. Lakini spora hizohizo kwenye *Pyxine* hazithibitishi kitu, kwani ndizo zake hasa.

Hatua ya 7: Andika

Kwenye bahasha, kwa penseli, maana wino huenea kwa unyevu: tarehe, mahali pamoja na namba za GPS, mti (mkoko, mchu au mnazi, usiandike "mti" tu), urefu kutoka ardhini, jina la mwenyeji, kisha maelezo ya mgeni bila kumpa jina. Picha zipandishe iNaturalist, tovuti ya kushirikishana picha za viumbe. Bahasha yenye kibali iende kwenye hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mimi huzifunga ndani ya kiboksi cha viatu na kukipakia kwenye basi upande wa Mokowe, nikimsihi utingo asikiweke chini ya magunia ya samaki.